Nyumba ya Shauri ya Mlango Mmoja

Akida Seifu hakukaa alipokaribishwa. Alisimama katikati ya uwanja wa fundi Kasmiri, kanzu imelowa umande mpaka magotini, mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne, ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba yai asilojua kama ni zima au viza. Kasmiri akaweka shoka chini. Katika Ifakara ya siku zile karatasi haikuwa na kawaida ya kuja kwa heri.

"Fundi, Bwana Shauri anataka nyumba," alisema Akida.

"Ya kulala?"

"Ya kusemea. Ile ya zamani iliungua wakati wa vita, unajua mwenyewe. Tangu hapo mashauri tunafanyia juani, na jua limemchosha. Anataka majumbe wote wa bonde, kuanzia Kiberege mpaka Malinyi, wakae chini ya paa moja, wamsikilize naye awasikilize." Akida alikohoa kidogo. "Zaidi wamsikilize."

Bwana Shauri alikuwa Mjerumani aliyeshuka kutoka bomani mara mbili kwa mwaka, kuhukumu kesi na kugawa kazi. Ramani ya nyumba alikuwa ameichora mwenyewe, kwa rula, na ilikuwa safi kuliko nguo ya mtu yeyote pale uwanjani. Kasmiri aliitandaza juu ya boriti akaisoma bila shida, maana hakujua herufi lakini nyumba aliijua hata ikiwa ya wino. Palikuwa na chumba kirefu chenye pembe nne, meza katikati, na kibaraza cha udongo cha kukalia kikizunguka kuta zote. Hatua moja mbele ya kibaraza kulikuwa na vidoa vya wino kumi na sita, ambavyo ni nguzo za kubeba paa. Madirisha yalikuwa membamba, juu karibu na dari. Aliigeuza karatasi akatazama mgongoni mwake, kisha akaigeuza tena.

"Mlango wa pili uko wapi?"

"Hakuna wa pili."

"Na kiambaza cha wakwe?"

"Kiambaza cha nani?"

Hapa inafaa kusema jambo ambalo kila mtoto wa bonde lile alilijua na Akida, mtu wa Bagamoyo, hakutaka kulijua. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Ukisikia anakuja njiani, unaingia kwenye matete, hata kama matete yana maji mpaka kiunoni, hata kama yana kiboko. Wakwe wengine nao huheshimiwa hivyo hivyo, kila mmoja kwa kadiri yake. Kwa hiyo nyumba yoyote ya kukutania watu wengi hujengwa na milango miwili na kiambaza cha matete katikati, na fundi anayesahau hivyo haitwi tena na mtu.

"Bwana Akida," alisema Kasmiri, "majumbe wa bonde hili wote wameoleana. Ukiwakalisha wakitazamana, nusu watakimbia na nusu watakaa wamefumba macho."

"Wewe jenga. Bwana Shauri anasema wakati wa vita watu walikuwa wakitoka mlango wa nyuma na kurudi na mikuki. Sasa anataka kumhesabu anayeingia na anayetoka. Tena anataka amwone kila mtu usoni. Anasema mtu anayetazamwa usoni hasemi uongo."

"Basi umwambie habari ya wakwe."

"Nimwambie Bwana Shauri kwamba watu wazima wenye mvi wanawaogopa mama wakwe zao?" Akida alicheka bila furaha. "Nianzie wapi, fundi? Nianze kabla hajanipiga au baadaye?"

Akakung'uta pindo la kanzu yake, akatoa masharti. Siku ishirini na moja. Kikipungua kitu kimoja kilichomo kwenye karatasi, au kikizidi kimoja kisichokuwemo, fundi atapigwa hamsa ishirini, humo humo ndani ya nyumba, mbele ya majumbe wote, ili iwe ndiyo ufunguzi.

Hamsa ishirini ilikuwa viboko ishirini na tano. Mtu hulazwa kifudifudi, nguo yake ikapandishwa mpaka kiunoni, na askari akafanya kazi yake kwenye makalio matupu. Kasmiri alikwisha kuionja mara mbili enzi za upagazi, na maumivu yake aliyajua: ni makali, lakini yana mwisho. Kilichomkausha mate asubuhi ile ni kingine. Mmoja wa majumbe wale kumi na wanne alikuwa Yosefina wa Michenga, na Yosefina wa Michenga ndiye aliyemzaa mkewe.

&nbsp;

Theodosia alikuwa akipepeta mpunga mumewe alipomweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini taratibu.

"Nguo itapandishwa?"

"Wewe umewahi kuona hamsa ishirini ya nguo kushushwa?"

"Na mama atakuwepo."

"Atakuwepo."

"Basi mimi nitarudi Michenga," alisema Theodosia. Alisema kwa upole, kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Sitakwenda kwa hasira, baba Digna. Nitakwenda kwa sheria. Mama akiona utupu wako itabidi anichukue siku ile ile, na hakuna jembe wala mbuzi wa kulisafisha jambo hilo. Shangazi Kandida aliachana na mume mwema kabisa kwa sababu ya mtumbwi kupinduka. Mto ulichukua nguo, na mama yake alikuwa ng'ambo anaosha vyungu. Watoto wanne."

"Huyo mume ndiye aliyepindua mtumbwi?"

"Hakuna aliyemlaumu. Walimlilia wote. Lakini aliachwa."

Kasmiri alikaa juu ya kinoo chake. Alimtazama mkewe, alitazama na watoto wao watatu waliokuwa wakifukuza kuku kwenye mpunga, akaona dunia imemgeuka. Alimpenda mwanamke huyu. Katika njaa iliyofuata vita walikula mizizi ya magugu kutoka chungu kimoja, na kila mmoja alikuwa akimdanganya mwenzake kwamba ameshiba.

"Nikijenga kama karatasi, wakwe hawaingii, Bwana Shauri anakasirika, napigwa," alisema. "Nikiongeza mlango, napigwa. Nikikimbia, wanakuchukua wewe wakufunge mpaka nirudi, kisha napigwa."

"Tumwombe mama asije."

"Mwombe wewe. Mimi nitakuwa nyuma ya ukuta."

&nbsp;

Yosefina alikuja siku ya tatu, kwa mtumbwi mpaka kivukoni na kwa miguu kutoka hapo. Alikohoa kwa nguvu alipokuwa bado mbali, kama ilivyo adabu, na Kasmiri akaruka ndani ya nyumba na nusu ya kiazi mdomoni. Kwa miaka kumi na moja alimjua mkwe wake kwa kikohozi chake na kwa miguu yake, ambayo aliiona mara nyingi kupitia chini ya mlango. Uso wake hangeweza kuuapia.

Bibi yule alikaa nje juu ya mkeka, akaipa nyumba mgongo, akala kambale aliyepikiwa. Theodosia alikaa kati ya pande mbili, akichambua mboga. Yosefina hakuwa amepanga kuwa jumbe. Vita vilimchukua mumewe, njaa ikachukua waliobaki, na Michenga ilipotafuta mwanamume wa kushika nafasi ile haikumpata aliyeweza kusimama bila fimbo. Yeye aliweza.

"Ukuta," alisema Yosefina alipomaliza kula, "mwambie mwenye nyumba nimesikia taabu yake. Mwambie pia siwezi kukaa nyumbani. Kila mwezi Michenga tunadaiwa wapagazi kumi. Wanaume tunao kumi na watatu. Wanne kati yao ni wazee, mmoja haoni, na wawili bado hawajapona ile njaa. Neno hili ninalo misimu miwili na sijalisema, kwa sababu tukikaa pale juani Akida anaandika kila anayefungua mdomo. Safari hii nitalisema."

"Ukuta," alijibu Kasmiri kutoka ndani, "mwambie mama neno lake ni la haki. Mwambie natafuta njia."

"Ukuta, mwambie aitafute upesi. Na huyu mke wake aambiwe chumvi ya kambale imezidi."

"Mama, mimi niko hapa mbele yako," alisema Theodosia. "Kwangu huna haja ya ukuta."

"Nimezoea," alisema Yosefina, akajifunga kaniki yake na kuondoka.

&nbsp;

Njia ilipatikana siku ya tano, kiwanjani, wakati Kasmiri akipigilia vigingi mahali pa nguzo. Aliitandaza karatasi kwa mara ya mia, akaitazama kama mtu anayemtazama mdai wake. Karatasi ilisema nguzo zisimame wapi, na ilisema ziwe ngapi, lakini haikusema ziwe na unene gani. Mlango nao ilisema uwe mmoja na uwe upande gani, ila kimo chake haikukitaja kabisa.

Akaenda nyumbani mbio mchana kweupe. Theodosia alipoelezwa hakucheka. Alichukua ungo, akapanga juu yake vipande kumi na sita vya mkaa, hizo nguzo, kisha akahesabu punje kumi na nne za mahindi, hao majumbe.

"Huyu Jumbe Teofili wa Kiberege," alisema, akiweka punje nyuma ya kipande cha mkaa. "Amemwoa binti wa Jumbe Antoni. Kwa hiyo Antoni akae pale, pembe ya mbali. Lakini dada yake Antoni ameolewa kwa jumbe wa Malinyi, na huyo wa Malinyi mama yake mdogo ndiye mkwe wa Teofili."

"Basi Malinyi akae hapa."

"Hapa anamtazama mama. Na mama alimwoza huko binti wa ndugu yake."

"Hakuna hata wawili wasio wakwe?"

Theodosia alifikiri. "Wapo wawili. Lakini hao waligombania uzio wa samaki na hawasemeshani."

Walihamisha punje mpaka kuku mmoja alipomla Jumbe Antoni, wakaanza upya. Kwa siku tatu mfululizo, kila Kasmiri alipokuwa akikata miti, mkewe alikuwa akikokotoa nasaba za bonde zima juu ya ungo, na nadhani hakuna nyumba ya serikali katika nchi ile iliyopangwa kwa akili zaidi. Mwisho kila punje ilikuwa na mkaa wake, na hakuna punje iliyomwona mwenzake.

Miti ya Kasmiri haikuwa ya mchezo. Aliangusha mivule ambayo mwanamume akiikumbatia vidole vyake havikutani, na watu arobaini waliiburura kwa nyimbo na matusi. Akida Seifu alikuja kukagua nguzo kumi zilipokuwa zimesimama. Alizunguka moja, akapotea nyuma yake, akatokea upande wa pili ana wasiwasi.

"Mbona nene hivi?"

"Mafuriko, bwana Akida. Mto ukija, nguzo nyembamba inaondoka."

"Karatasi imesema ziwe nene?"

"Imesema ziwe nyembamba?"

Akida aliikunjua karatasi akaitafuta habari ya unene kwa muda mrefu. Hakuiona. Akahesabu vidoa, akahesabu nguzo na mashimo ya zilizobaki, vikalingana. Kisha akaenda mlangoni. Upenu wa nyasi ulikuwa umeshushwa mpaka kifuani kwa mtu, na Akida alipoinama kupita, kofia yake ya hariri ilibaki nje.

"Na hili?"

"Mvua za huku huja na upepo. Upenu mfupi hufanya mlango kuvuja."

"Bwana Shauri ni mtu mrefu, fundi."

"Mungu ndiye aliyemrefusha," alisema Kasmiri. "Mimi nimejenga mlango tu."

&nbsp;

Siku ya shauri majumbe waliingia mmoja mmoja, wameinama mpaka mgongo kuwa sawa na meza, na mtu aliyeinama hivyo haoni ila vidole vyake mwenyewe. Theodosia alisimama mlangoni na kibuyu cha maji ya kunywa, na kila aliyeinuka kutoka kwenye kata alinong'onezwa mahali pake. Nguzo ya tatu kulia, baba. Ya saba kushoto, mama. Jumbe wa Malinyi alikataa kukaa mpaka alipohakikishiwa mara mbili. Yosefina alipewa nguzo nene kuliko zote. Kasmiri mwenyewe alikuwa nje, ndani ya matete, kwa sababu mkwe wake alikuwa akipita.

Bwana Shauri aliingia baada yao, na kofia yake ngumu nyeupe iliingia kabla yake. Iligonga upenu, ikamtoka kichwani, ikabiringika mpaka chini ya meza. Yeye aliifuata ameinama, uso umekuwa mwekundu, na kwa mara ya kwanza katika utawala wake aliingia mbele ya majumbe wa bonde kwa heshima. Askari wawili walimfuata, na Akida nyuma yao. Akaketi, akaweka wino, akaweka karatasi, akainua macho aone nyuso za watu wake.

Aliona magogo kumi na sita. Huku na huku, nyuma ya magogo, yalichungulia magoti.

"Majumbe wako wapi?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha bomani, chenye amri nyingi na adabu chache.

"Tupo, Bwana," ziliitika sauti kumi na nne.

Alijinyoosha kushoto. Alijinyoosha kulia. Alihamisha kiti upande wa pili wa meza, na huko nako magoti aliyoyaacha yakapotea na mengine yakatokea. Alimtazama Akida, na Akida akatazama dari. Mwisho Bwana Shauri aliona aibu kuendelea kuhama kama kuku anayetafuta pa kutagia, akafungua daftari na kuanza kusoma amri za wapagazi. Kiberege kumi na wawili. Malinyi kumi na watano. Michenga kumi. Kila baada ya amri alinyamaza kidogo, apewe lile "ndiyo Bwana" alilozoea kupewa.

"Michenga haina wanaume kumi wa kubeba," ilisema sauti ya mwanamke.

Bwana Shauri aliinua kichwa. "Nani anasema?"

Kulikuwa na magogo tu. Sauti ikaendelea, bila haraka, ikataja wale kumi na watatu, wazee wanne, asiyeona, na wawili waliokula njaa mpaka ikawala wao. Ilipomaliza, sauti nyingine ikatoka pembe ya kushoto ikasema kwamba askari wakipita Kiberege huchukua kuku bila kuomba. Nyingine ikasema kwamba kodi inadaiwa kwenye vibanda ambavyo wenyewe wamelala kaburini tangu vita. Ya nne ikasema pilipili tulizolimishwa hatukuziona zilipoishia. Watu wale walikuwa wamekaa mbele ya Bwana Shauri miaka minne, wakitazamwa usoni kila mara, na hawakuwahi kusema neno moja la kweli. Sasa hakumwona hata mmoja, na kweli ilimiminika mpaka akakosa pa kuiweka.

Mwanzoni aliandika. Haki ya mtu ni yake, aliandika mistari mitatu mizima. Lakini mkono ukapungua mwendo, maana alitambua kwamba hajui anaandika maneno ya nani, na kama hajui ni ya nani hawezi kumwita mtu kesho akamuuliza. Akapiga meza.

"Nani alijenga nyumba hii?"

Akida Seifu, aliyekuwa ameandaa hotuba fupi ya kupokea sifa, aliitupa. "Kasmiri, Bwana. Mimi siku nyingi nilikuwa safarini."

Walimtoa Kasmiri kwenye matete, matope mpaka mapajani. Bwana Shauri alimwonyesha ramani.

"Nilisema nguzo kumi na sita."

"Ziko kumi na sita, Bwana. Zihesabu."

Bwana Shauri alizihesabu. Zilikuwa kumi na sita. Alihesabu milango, akapata mmoja. Alitafuta kosa kwenye karatasi na kwenye nyumba, na kutolipata kulimchoma kuliko kama angelipata kumi.

"Hamsa ishirini," alisema. "Na wote watoke nyuma ya nguzo. Waje hapa mbele watazame. Wote. Asiyekuja atapigwa yeye."

Theodosia pale mlangoni aliweka kibuyu chini. Alitaka kuingia amlalie mumewe kwa mwili wake, awe yeye ndiye nguo. Askari mmoja alikuwa amekwisha kumlaza Kasmiri kati ya meza na mlango, na mwingine ameshika pindo la shuka. Kasmiri aliweka shavu kwenye udongo alioukanda mwenyewe, akawaaga watoto moyoni, na kutoka pale chini akaona miguu ya mkwe wake nyuma ya ile nguzo nene. Miguu ile ilijikusanya. Ikasimama. Ikaanza kuja.

Ilikuja kwa visigino. Yosefina alijifunika kaniki kichwani, akatoka nyuma ya nguzo kinyumenyume, hatua moja, mbili, amempa kila mtu mgongo. Alikuwa ameamriwa aje mbele, na alikuwa anakuja mbele. Jumbe Antoni aliona ndiyo njia, naye akajifunika akatoka kinyumenyume. Teofili akafuata, wa Malinyi akafuata, na baada ya muda watu kumi na wanne waliofunikwa vichwa walikuwa wakisogea polepole kutoka pande zote nne kuelekea mezani, migongo mbele, kimya kabisa.

Bwana Shauri alikuwa mtu wa vita. Miaka minne nyuma aliwaona watu wa nchi hii wakiijia bunduki bila woga, wakiamini risasi zitakuwa maji, na jambo lile halikuwahi kumtoka usingizini. Alisimama. "Hii dawa," alisema kwa sauti ndogo. Nyuma yake makalio ya Jumbe Antoni, ambayo hayakuwa madogo, yaligonga meza. Wino ukamwagika juu ya amri za wapagazi, na Bwana Shauri akaondoka. Alisahau kuinama. Upenu ulimpokea kwenye paji la uso, akatoka nje amekaa, na askari wakamfuata kwa sababu hakuna askari anayebaki mahali alipopakimbia bwana wake. Akida alitokea dirishani, na mpaka leo haijulikani alipitaje.

Ndani ilibaki migongo kumi na minne, na fundi mmoja amelala chini, shuka limefika katikati ya mapaja. Hakuna aliyegeuka.

"Nguzo," alisema Yosefina, akiongea na gogo lililokuwa karibu, "mwambie mkwe wangu ajifunike. Mlango ni mmoja, na mimi nataka kutoka."

&nbsp;

Bwana Shauri hakupenda habari ile ifike bomani kabla ya uvimbe wake kupungua. Alikaa ndani ya hema mpaka jioni, na alfajiri akapanda zake mlimani. Aliacha maagizo matatu kwa Akida. La kwanza, nyumba ile iwe ghala ya mpunga, na mashauri yarudi juani. La pili, wapagazi wa Michenga wawe wanne badala ya kumi, na mtu akiuliza aambiwe Bwana Shauri alilifikiria mwenyewe. Kuku, kodi na pilipili hakuvitaja. La tatu, fundi apewe hamsa ishirini yake asubuhi hiyo hiyo, uani kwa Akida, bila watazamaji.

"Bila watazamaji," Kasmiri alimwambia mkewe walipokuwa wakimngojea askari. Karibu atabasamu. Kisha tabasamu likafa. "Uani kwa Akida ni hatua ngapi kutoka hapa?"

"Arobaini."

"Mama yako bado amelala hapa kwetu."

"Hawezi kuona, baba Digna. Kuna ua wa matete."

"Ua wa matete hauzuii sauti," alisema Kasmiri.

Wapo wanaume wanaopigwa wakanyamaza, na hutajwa kwa sifa kwenye pombe. Kasmiri hakuwa mmoja wao na alijijua. Mara zote mbili alizopigwa alilia mpaka wapagazi wa kambi ya pili wakauliza nani amefariki. Kuonekana utupu na mkwe ni kuachwa, lakini mkwe kukusikia ukiita mama yako kama mtoto wa kunyonya ni jambo ambalo mtu hula nalo na kulala nalo maisha yake yote. Alimwomba Theodosia amwondoe mama yake mapema, amsindikize mtoni. Theodosia alimwomba. Yosefina alisema miguu inauma, ataondoka jua likipoa.

Askari akaja. Kasmiri akaenda naye, shuka amelifunga kwa mafundo mawili ingawa halitasaidia, na Theodosia akafuata mpaka kwenye ua wa Akida, akashika matete kwa mikono miwili.

Aliapa hatalia, na kiapo kilidumu mpaka cha tatu. Cha nne alipiga kelele iliyosimamisha mbuzi malishoni. Cha saba alimwita mama yake, aliyekufa zamani, na cha tisa akamwita Theodosia kwa jina lake la nyumbani, ambalo hakuna mtu wa Ifakara aliyepaswa kulijua. Watu walitoka nje ya nyumba zao wakarudi ndani kwa haya. Theodosia alilia na kuona uchungu kwa ajili ya mwili wa mumewe, na kuona uchungu zaidi kwa ajili ya heshima yake, kwa sababu mwili hupona. Alishindwa kuvumilia. Akageuka akakimbia nyumbani, akamzibe mama yake masikio kwa mikono ikibidi.

Kabla hajafika alisikia kishindo. Yosefina alikuwa amesimama uwanjani kwenye kinu kikubwa, kaniki ameifunga kifuani, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, anautwanga mchi kwa nguvu ambazo mwanamke wa umri wake hana ruhusa ya kuwa nazo. Ardhi ilikuwa ikitetemeka. Kuku walikuwa wamehama.

"Mama," alisema Theodosia, akihema. "Umesikia?"

"Nisikie nini? Huoni natwanga?"

Theodosia alisogea akachungulia ndani ya kinu. Hakikuwa na punje hata moja. Ulikuwa mti juu ya mti, na kitako cha kinu kimeanza kupata ufa.

"Mama, humu hamna kitu."

"Nipishe," alisema Yosefina, akauinua mchi juu. "Hii ni ya kumi na nane tu."

Theodosia akapisha. Akasimama pembeni, mikono kichwani, akimtazama mama yake akitwanga pale pale ambapo kwa mbali kilio kilipanda, akikifunika, akingoja, na kukifunika tena. Ishirini. Ishirini na mbili. Mara moja bibi yule alikosea akapiga ukingo wa kinu, akatukana kidogo, akaendelea. Kisha kimya kikaja kutoka uani kwa Akida. Yosefina alitwanga mara moja zaidi, ya hakika, akaegemeza mchi ukutani na kujifuta uso.

"Nenda kampake mumeo mafuta," alisema. "Mimi sikusikia kitu."